Hapa Hakuna Binti

Jumamosi, 8 Machi

Leo ofu, siendi kazini. Nimefua. Nimechemsha maharage ya wiki nzima. Nimekamilisha orodha ya shughuli ya Elia: watu mia na ishirini, ukumbi wa kanisa letu hapa Columbus, Amerika, Jumamosi ya tarehe 10 Mei. Ukumbi nimeshaushika. Bila mimi wangekuwa bado wanajadili rangi ya vitambaa.

Elia ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni kambini Kigoma, tulikokimbilia kutoka Burundi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na minane, ni fundi umeme Buffalo, na amepata mchumba, Emi. Nitamposea binti huyo kwa heshima zote za ukoo wetu. Hata kama wazazi wa binti ni Wajapani.

Saa nane kaja mama yake Emi. Bi Noriko. Wanakaa Gahanna, dakika ishirini tu kutoka kwangu. Kafika mapema, kakaa ndani ya gari lake mpaka saa nane kamili ndipo akabisha. Nilimwona dirishani. Nikacheka peke yangu.

Kaleta bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Ndani vikeki vya maharage matamu. Maharage na sukari! Mimi nimekula maharage maisha yangu yote na sijawahi kuyafanyia hivyo. Neema, binti yangu, kavimaliza vyote na kusema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mimi sijui vitu vizuri.

Bi Noriko kakaa saa nzima. Kasema maneno hamsini labda. Anaitikia, anainamisha kichwa, anageuza kikombe. Kaniuliza kama Baba mdogo Zakaria, tunayetaka awe msemaji wetu siku ya kuomba binti, ni mtu wa kuudhika haraka. Kauliza kama msemaji anaruhusiwa kusoma kwenye karatasi. Nikamwambia karatasi ni za benki, mtu mzima anasema kutoka kifuani. Kisha kauliza kama imewahi kutokea upande wa binti ukamtoa bila kukataa kwanza.

Haijawahi. Nikamweleza vizuri. Kwetu, wageni wakifika kuomba binti, msemaji wa upande wa binti lazima awakatae. Hapa hakuna binti, mmepotea njia, rudini mlikotoka. Wageni wanabisha, wanataniana, watu wanacheka mpaka machozi, halafu binti anatolewa. Kila mtu anajua imekwishakubaliwa. Lakini binti anayetolewa bila kukataliwa ana kasoro, au wazazi wake wamemchoka. Ndivyo wazee wanavyoona.

Akasema mume wake, Bwana Kenji, hajawahi kumrudisha mgeni mlangoni. Hata wauza madirisha wanaopita nyumba kwa nyumba huwapa chai. Nilicheka sana. Nikamwambia atazoea, ni mzaha tu huo. Akasema ndiyo, ndiyo. Nikamsimulia habari za goti langu, na za kazini, na za ukumbi. Akaondoka.

Mtu mpole. Macho yamechoka kidogo, umri huo. Wenzetu wamebahatika. Kwao mambo yanakwenda yenyewe, hakuna kelele, hakuna ugomvi. Sisi bila kupigiana kelele hata chumvi hainunuliwi.

Jumatano, 12 Machi

Kazini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Maboksi, maboksi, maboksi. Goti linaniuma.

Elia kapiga simu. Bwana Kenji amethibitisha kwamba atasema mwenyewe, maana hawana ndugu mwingine huku. Baba mdogo Zakaria atakuwa msemaji wetu. Nimeifuta mistari hiyo miwili kwenye orodha. Shughuli inakwenda vizuri kwa sababu naiendesha mimi.

Jumapili, 23 Machi

Baba mdogo kapiga simu kutoka Louisville baada ya ibada. Anacheka. Leo kanisani kwao, kule South End, kulikuwa na mgeni. Mama wa Kijapani, koti jeusi, mstari wa nyuma. Kakaa saa tatu nzima bila kuelewa neno. Wakisimama anasimama. Wakikaa anakaa.

Bi Noriko! Kaendesha zaidi ya saa tatu kwenda, na leo hii hii anarudi. Kampelekea Baba mdogo vikeki vya maharage. Na kitambaa kizuri kwa Mama mdogo. Halafu akamwomba Baba mdogo amwonyeshe msemaji anavyosimama. Na Baba mdogo, mzee wa miaka sabini, akasimama katikati ya sebule yake, mguu wa kulia mbele, mkono kwenye kola ya koti.

Mimi hakuniambia. Dakika ishirini kutoka kwangu, na hakuniambia.

Jumatano, 26 Machi

Nimekutana na Mama Furaha dukani. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, kiongozi wa kwaya yetu, shoga yangu wa miaka minane. Kaniambia, "Bon, Mama Neema, ule mama ya Kijapani alikuya kwangu. Njo muntu muzuri kabisa." Nikamuuliza alikuja kufanya nini. Akacheka. "Ni siri ya bamama."

Siri. Katika shughuli ninayoisimamia mimi.

Sijalala mchana kama ninavyolala nikitoka shifti. Nimekasirika na sioni aibu kuliandika.

Jumamosi, 29 Machi

Nimembana Elia mpaka akasema. Ndiyo, Bi Noriko alifika Buffalo pia. Wiki iliyopita, saa tano za barabara na theluji. Kawapikia yeye na Emi. Kauliza mambo ya mila. Mambo gani? Madogo tu, Dada. Na akamwomba Elia asinisumbue nayo, nina mengi.

Asinisumbue!

Nikampigia Baba mdogo. Ndipo akakumbuka jambo. Kwamba siku ile, kabla ya kuondoka, Bi Noriko alimuuliza kwa upole sana kama sehemu ya kukataa inaweza kuachwa. Baba mdogo kamjibu kwamba bila kukataliwa yeye hainuki kitini. Ukoo wetu haukuokota mwanamke njiani hata mara moja, na hautaanza kwa Elia.

Basi nimeelewa. Huyu mama anataka kuivunja mila yetu, na kaona hawezi kupita kwangu. Anazunguka. Nyumba kwa nyumba, mji kwa mji, na vikeki vyake. Labda hata ndoa yenyewe haitaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 30 Machi

Nimesema. Nimerekodi sauti ya dakika nne na kuituma kwenye gurupu la ukoo. Watu arobaini na watatu, Louisville, Columbus na Buffalo. Nimesema huyu mama anatuzunguka, tabasamu mbele, kisu nyuma. Nimesema kama hawataki kutupa binti wao waseme waziwazi, sisi si watu wa kunong'onezewa.

Roho imetulia. Mimi sifichi. Nikiwa na neno nalisema mbele za watu, ndivyo nilivyolelewa.

Jumatatu, 31 Machi

Roho haijatulia.

Baba mdogo kajibu kwenye gurupu. Kama hawatutaki, haji. Mistari miwili tu. Wengine kumi na wawili wakaunga mkono.

Emi kaisikia sauti yangu kwenye simu ya Elia, asubuhi, wakinywa chai. Kiswahili anakielewa kuliko nilivyofikiri. Kachukua begi, kaendesha gari, karudi kwa wazazi wake Gahanna. Elia kanipigia. "Dada, umeniharibia." Kisha akakata simu.

Katika miaka ishirini na minane hajawahi kunikatia simu.

Jumatano, 2 Aprili

Meseji kutoka kwa Bi Noriko. Nilidhani sasa matusi yanakuja. Kaandika: natumaini goti lako linaendelea vizuri kwa baridi hii.

Basi. Hakuna kingine. Nimeisoma mara kumi. Ananikejeli? Sijamjibu. Bakuli lake bado liko juu ya friji yangu, tupu, wiki ya nne sasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Emi kaja. Peke yake. Hakulia. Afadhali angelia.

Kanieleza polepole, Kiingereza na Kiswahili chake kidogo, na mimi kwa mara ya kwanza nikakaa kimya. Naandika yote, nisisahau.

Bwana Kenji ni injinia. Miaka ishirini na sita katika kiwanda cha vipuri vya magari. Alipoambiwa kwamba atawakataa wageni mbele ya watu mia na ishirini, alisema ndiyo, kwa sababu ni kwa ajili ya binti yake. Kisha hakula siku mbili. Kwao kumfukuza mgeni, hata kwa mzaha, ni jambo ambalo ulimi unagoma kulisema. Na kusema kwamba hawezi ni aibu nyingine. Basi hakusema. Mkewe akajua bila kuambiwa.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, Bwana Kenji husimama gereji. Bi Noriko hutoka nje na kugonga. Yeye ndiye Baba mdogo, yeye ndiye mimi, yeye ndiye ukoo mzima. Bwana Kenji hufungua na kutakiwa kusema, kwa Kiswahili, hapa hakuna binti. Wiki ya kwanza alikuwa akifungua mlango na kuomba radhi.

Louisville Bi Noriko alikwenda ili ajue mumewe asimame vipi mbele ya Baba mdogo, na kama mzee yule ataumia. Buffalo alikwenda kumrekodi Elia akiyasema maneno yale taratibu, mara sita. Kwa Mama Furaha alikwenda kuomba vigelegele. Kwamba Bwana Kenji akimaliza tu sentensi, wanawake wapige vigelegele hapo hapo, maana ukimya wa ukumbi ungemwangusha. Kila mmoja kapewa kipande chake kidogo, na hakuna aliyeambiwa kipande cha mwenzake. Ili siku yenyewe kila kitu kionekane kimekwenda chenyewe na Bwana Kenji asione haya. Emi anasema kwao wana neno la kazi hii. Ni kuchimba kuzunguka mizizi kabla ya kuhamisha mti.

Nikamuuliza, mbona kwangu hakuja?

Emi akaniangalia. "Mama alianza kwako."

Alipoondoka nikafungua daftari hili. Tarehe 8 Machi. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Je, Baba mdogo huudhika? Je, karatasi inaruhusiwa? Je, imewahi kuachwa? Mume wangu hajawahi kumrudisha mgeni. Alikuja kuniomba msaada kwa adabu yote aliyonayo, na mimi nikacheka, nikamsimulia goti. Na nilipomwambia haijawahi, hakurudi tena kwangu kwa sababu hakutaka kunilazimisha nikatae mara ya pili.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hii methali nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Mimi!

Na baya zaidi Emi kalisema akiwa mlangoni, anavaa viatu. Baba yake ameacha mazoezi. Alikuwa ameshaweza. Lakini tangu sauti yangu anasema haiwezekani tena. Akisimama sasa na kusema hapa hakuna binti, watu watasikia ni kweli.

Wiki tano zimebaki.

Jumapili, 6 Aprili

Sikuimba leo. Mama Furaha kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilitaka kurekodi sauti nyingine ya kuomba radhi kwenye gurupu. Nimeianza mara nne, nimeifuta mara nne. Nikieleza kwamba Bi Noriko alikuwa anamfundisha mumewe, watu arobaini na watatu watajua kwamba mume hawezi. Nitakuwa nimewavua nguo wote wawili.

Basi itabidi nizunguke. Nyumba kwa nyumba, mji kwa mji. Mungu ana utani wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Buffalo. Saa tano kwenda, na theluji bado iko kando ya barabara, Aprili hii. Goti limevimba kwa kukanyaga mafuta.

Elia kafungua mlango, kaniangalia, kaenda kuweka maji jikoni. Nyumba ya mtu aliyekimbiwa. Vyombo, nguo juu ya kiti. Mikono yangu ilitaka kuosha, kukunja, kupanga. Mdomo wangu ulitaka kueleza. Nikaketi. Tukanywa chai. Nilikaa kimya mpaka kikombe kikaisha, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu hivyo tangu nifike Amerika.

Kisha nikasema nilikosea. Neno moja.

Akasema, "Dada, hujawahi kusema neno hilo." Nikamwambia nimelisema leo, usilizoee. Akacheka. Akalia pia. Nikamwacha alie, sikumpa ushauri.

Nikamwomba mambo mawili. Aende Gahanna kwa Emi, asimpigie, aende. Na asimwambie mtu kwamba mimi najua kuhusu gereji.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Louisville tangu jana.

Baba mdogo kanipokea kama waziri wa nchi adui. Hakuinuka. Nikamsalimia shikamoo kwa magoti yote mawili, hata hili bovu. Marahaba yake ilichelewa.

Ningeweza kumaliza kesi yote kwa sentensi moja. Baba mdogo, yule mwanaume anaogopa, anajifunza gereji kila asubuhi, mwoneeni huruma. Baba mdogo angelia papo hapo, ana roho laini. Na kesho yake South End nzima ingejua. Sentensi hiyo niliimeza jana mchana, nikaimeza jana jioni, nikaimeza tena leo kanisani. Inakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Badala yake nimemenya ndizi na Mama mdogo. Nimeuliza maswali madogo. Nikamuuliza Baba mdogo alipoomba mke yeye alikataliwaje. Hoo! Kasimulia saa nzima. Walimkataa mara tatu, mara ya tatu wakamfungia mbuzi wake. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza iliumaje. Akasema haikuuma, maana walipomfukuza walikuwa tayari wamemwekea kiti. Alikiona mlangoni.

Nikarudi kwenye sufuria. Ndizi zikaiva. Tukala.

Leo baada ya ibada, tukiwa bado tumekaa, akaangalia mstari wa nyuma na kusema mwenyewe: yule mama alikaa pale saa tatu. Hata vijana wetu hawakai saa tatu. Akatikisa kichwa. Kisha akasema mtu asiyekutaka hakufuati mpaka kanisani kwako.

Nilitaka kusema naam, ndivyo ninavyokwambia tangu jana! Sikusema. Nikasema eti eeh, Baba mdogo?

Akasema, "Nitakuja. Lakini Yudita mwanangu, nikataliwe vizuri."

Jumatano, 23 Aprili

Simu. Watu arobaini na watatu, mmoja mmoja. Kila siku nikitoka kazini napiga sita au saba. Sisemi nimekosea kwa sauti ya tangazo. Naulizia watoto, naulizia shifti, naulizia mgongo, halafu katikati nasema ile sauti yangu ya siku ile ilikuwa ya hasira, nimeshajua nilikosea. Wengine wananihurumia. Binamu mmoja kanicheka dakika nzima na nikamwacha anicheke.

Hakuna atakayejua nimepiga simu hizi zote, maana kila mmoja anadhani nimempigia yeye tu.

Sasa najua macho yale ya Bi Noriko yalichoshwa na nini. Si umri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimelishusha bakuli juu ya friji. Nimelijaza maandazi, ya iliki, yenye moto bado. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata hilo nilikuwa nimelisahau.

Elia, aliyekwisha kupatana na Emi, kaniambia Bi Noriko huenda sokoni Jumamosi saa tano. Nikapanga kubisha kwao Gahanna saa tano na robo. Nilifika mapema, nikakaa ndani ya gari. Ndiyo, mimi.

Bwana Kenji kafungua. Sweta, miwani. Aliponiona akataka kuinama, akataka kuomba radhi, na yeye hakukosa lolote. Kabla hajaanza nikasimama wima na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya ukoo: Hodi! Sisi ni wageni, tumetoka mbali, tumesikia nyumba hii ina binti.

Akaganda. Masikio yakawa mekundu. Akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaangalia barabarani kama mkewe anakuja kumwokoa. Sikutabasamu. Nilitaka sana kutabasamu. Goti linawaka moto, maandazi yanapoa, jirani anakata majani na anatutazama.

Kisha akavuta sweta. Mguu wa kulia ukaja mbele. Mkono ukapanda kifuani, kwenye kola ambayo sweta haina. Nikamwona Baba mdogo Zakaria mzima mzima kwenye mlango wa Mjapani.

"Hapa hakuna binti," akasema. "Mmepotea njia. Rudini mlikotoka."

Kiswahili safi. Kiswahili cha Elia, hata ule mkwaruzo wake wa sauti.

Nikamjibu tutarudi tarehe kumi. Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Na hapo hapo, bila kufikiri, akainama na kunisogezea ndala za wageni. Kanifukuza kisha kanivisha ndala! Nikacheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, kicheko kidogo, na bega linatikisika. Tukanywa chai. Sikumgusia gereji, na yeye hakugusia sauti yangu.

Bi Noriko aliporudi alikuta maandazi mezani. Akaangalia maandazi, akamwangalia mumewe, akaniuliza goti linaendeleaje. Nikamwambia linaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Nilichelewa wiki tatu kumjibu.

Jumamosi, 10 Mei

Imekwisha. Miguu haipo. Naandika hata viatu sijavua.

Watu mia na hamsini, si mia na ishirini. Wali umetosha kwa sababu nilijua. Louisville wamekuja na magari manne. Buffalo mawili.

Baba mdogo kaingia na suti ya kijivu, ukoo nyuma yake, akabisha hodi kwenye mlango wa ukumbi. Bwana Kenji akasimama. Hana karatasi. Nikamtafuta Bi Noriko kwa macho. Mbele hayupo. Yuko nyuma kabisa, karibu na birika kubwa la chai, ameshika rundo la vikombe.

Bwana Kenji akasema. Hapa hakuna binti. Na kule nyuma midomo ya Bi Noriko ikasema naye, bila sauti. Mmepotea njia. Midomo ikasema. Rudini mlikotoka. Neno kwa neno.

Kabla ukimya haujaingia, Mama Furaha akaachia vigelegele. Hata nusu sekunde haikupita. Ukumbi ukalipuka. Baba mdogo uso ulimng'aa. Hajakataliwa vizuri hivyo tangu walipomfungia mbuzi. Akasema sisi tumetoka Louisville, barabara saa tatu na nusu, hatuwezi kupotea, gari lina ramani inayosema yenyewe.

Hapo ndipo Bwana Kenji alipotakiwa kutabasamu na kukubali. Ndivyo Elia alivyomfundisha. Lakini alirekebisha miwani, akasema, "Basi ramani yenu ni mbovu."

Nilidhani paa linaanguka. Baba mdogo alikaa chini kwa kucheka. Wazee wakapiga meza. Nami nikamwangalia Bi Noriko. Midomo yake haikusogea. Hilo hakulijua. Ni la mumewe mwenyewe. Akaweka vikombe chini, taratibu, akageukia ukutani, akakaa hivyo kidogo.

Emi katolewa. Elia kalia kama mtoto, hana aibu.

Mimi nilipewa kipaza sauti cha kushukuru. Nacho mimi nakijua. Nikamshukuru Mungu, wazee, wapishi, madereva, kwaya. Jina moja lilikuja mpaka kwenye meno. Mtu mmoja tu kati ya mia na hamsini aliyestahili ukumbi mzima usimame. Nikamwona kule nyuma anachukua vikombe vichafu, ananiangalia, na kichwa anakitikisa kidogo sana. Hapana.

Nikasema asanteni, karibuni chakula.

Jumatatu, 12 Mei

Shifti ya asubuhi. Mvua kidogo.

Nilipotoka kazini nimekuta bakuli lenye kifuniko cha kijani mlangoni kwangu. Ndani vikeki vya maharage, na chupa ndogo ya dawa ya kuchua. Hakuna barua. Nimechua goti. Inanuka mnanaa.

Neema kala viwili. Mimi kimoja. Si vibaya, kusema kweli.

Jioni Baba mdogo kapiga simu. Bado anacheka. Ramani yenu ni mbovu! South End yote wanayasema maneno hayo sasa, hata watoto. Akasema amewahi kuona wasemaji wengi, Burundi, kambini, huku, lakini mtu anayesimama vile, anayesema vile bila hofu, hicho si kitu cha kufundishwa. Yule Mjapani kazaliwa nacho.

Nikamwambia kweli, Baba mdogo. Kazaliwa nacho.

Kisha nikaenda kuloweka maharage ya wiki.